Luol Deng na swali la mtoto mrefu anayesimamishwa chini ya kikapu

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Mabawa alimleta kijana wake kwenye kiwanja ninachofundishia mpira wa kikapu, hapa Tanga. Baada ya salamu akaniambia: "Mwalimu, nimekuletea huyu mwanao. Urefu anao, unamwona mwenyewe. Msimamishe tu pale chini ya kikapu, hatakusumbua." Nilimjibu kwamba mtoto nimempokea kwa mikono miwili, ila pale chini hatasimama. Mama alishangaa, na kwa kuwa mazoezi yalikuwa yanaanza sikupata nafasi ya kumweleza sababu. Nimeamua kuiandika hapa, na njia nzuri ninayoiona ya kuieleza ni kumsimulia mchezaji ambaye nimefuatilia maisha yake ya uwanjani kwa karibu miaka 20, yaani Luol Deng.

Kwanza niseme lililonipata mimi. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa nimewapita wenzangu wote kwa kichwa kizima, na aliyekuwa akitufundisha alinipa kazi moja, nayo ilikuwa kusimama karibu na ubao na kuinua mikono. Nilikatazwa kudunda mpira, na kila nilipoudaka niliagizwa kumpa haraka mchezaji mfupi aliye karibu. Kwenye mechi za shule za jirani mpango huo ulitosha. Tulipofika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ngazi ya mkoa, tukakutana na timu ambayo senta wake, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa akitoka nje, anatupa kutoka mbali na kupita pembeni yangu apendavyo, nami sikujua hata miguu yangu niiweke wapi. Nilimaliza shule nikiwa siwezi kuudunda mpira kwa mkono wa kushoto hatua tano. Sikupata nafasi nyingine ya kujifunza, na jambo hilo limeniuma hadi leo.

Deng ana urefu wa mita 2.06. Kama angezaliwa Chumbageni au Ngamiani, bila shaka naye angesimamishwa chini ya kikapu. Alizaliwa mwaka 1985 Wau, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mtoto wa wazazi wa Kidinka, na baba yake alikuwa mwanasiasa. Vita viliwafukuza wakaenda Misri, na huko familia ilikutana na Manute Bol, mwenzao wa Kidinka mwenye urefu wa mita 2.31, aliyekuwa amekwisha kucheza katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Bol aliwafundisha ndugu wa familia ile misingi ya mchezo. Kisha walipewa hifadhi Uingereza, wakahamia South Norwood, kusini mwa London.

London ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoirudia mara nyingi zaidi. Uingereza ni nchi ya soka, na Deng mwenyewe alipenda soka na ni shabiki wa Arsenal. Hata hivyo, Brixton kulikuwa na klabu ya Topcats chini ya kocha Jimmy Rogers, mtu aliyetumia maisha yake kuwalea watoto wa mtaa kwa mpira wa kikapu. Katika klabu za namna hiyo, ambazo wachezaji ni wachache na warefu ni wa kutafuta, mtoto hapangiwi kazi moja tu. Anadunda, anapasia, anakimbia, anajilinda dhidi ya mwenye mpira, na akirudi nyumbani amegusa kila pembe ya uwanja. Naamini, ingawa hayo ni maoni yangu, kwamba mtoto aliyekwisha kuzoea kucheza soka alikuwa na faida nyingine pale: alijua kukimbilia nafasi iliyo wazi kabla mpira haujafika. Mchezaji wa soka hukaa muda mrefu bila mpira miguuni, na akilala muda huo wote hana thamani kwa timu. Katika kikapu ni vivyo hivyo. Uwanjani kuna watu 10 na mpira mmoja, na mchezaji wa kawaida anaushika kwa dakika chache sana. Kinachomtofautisha ni anachokifanya dakika zile nyingine zote.

Akiwa na miaka 14 alivuka bahari kwenda Marekani, kwenye shule ya bweni ya Blair Academy, jimbo la New Jersey, ambako alicheza pamoja na Charlie Villanueva, ambaye naye baadaye alifika NBA. Kufikia mwaka wake wa mwisho wa shule, 2003, wachambuzi wengi walimtaja kuwa mwanafunzi wa pili kwa ubora nchini Marekani, na aliyemtangulia alikuwa LeBron James. Wengine wenye sifa kama hizo waliruka moja kwa moja kutoka shule kwenda NBA, kwa kuwa wakati ule kanuni ziliruhusu. Deng alichagua chuo kikuu cha Duke, chini ya kocha Mike Krzyzewski. Alikaa mwaka mmoja tu, akawa na wastani wa pointi 15.1 kwa mechi, na timu ikafika nusu fainali ya taifa ya vyuo mwaka 2004, ikatolewa na Connecticut kwa 79 kwa 78. (Connecticut hiyo hiyo ndiko Hasheem Thabeet wetu alikokwenda kusoma miaka michache baadaye, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya mwaka 2009, yaani zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Kila ninapokutana na jina la chuo hicho huwa nahisi kama nimesikia habari za nyumbani.)

Katika drafti ya mwaka 2004 Deng alichaguliwa wa saba na Phoenix Suns, na papo hapo haki zake zikapelekwa Chicago Bulls, ambako alikaa kwa karibu miaka 10. Alikuwa fowadi, ile nafasi ambayo viwanjani kwetu tunaiita namba tatu. Mwenye nafasi hiyo ni mrefu kuliko gadi, yule anayepandisha mpira, na mwepesi kuliko senta, na kocha anamtegemea kuziba kila ufa: leo amkabe mfungaji hodari wa wapinzani, kesho aende kugombea ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, na majitu, keshokutwa afunge yeye kwa sababu mfungaji wa timu ameumia.

Msimu wa 2006/07 ndio ninaowaonyesha wanafunzi wangu. Alicheza mechi zote 82, akawa na wastani wa pointi 18.8 na ribaundi 7.1, na zaidi ya nusu ya mitupo yake iliingia, ilhali karibu hakutumia kabisa mtupo wa pointi tatu. Alifungaje? Ukiangalia mechi zile kwa makini utaona kwamba vikapu vyake vingi vilianza akiwa hana mpira. Beki anayemkaba anageuza shingo kumtazama mwenye mpira, na papo hapo Deng amekwisha kupita nyuma ya mgongo wake kuelekea kikapu. Au anakimbia ukingo wa uwanja mara tu timu yake inapopata ribaundi, kwa hiyo anafika mbele wakati wengine bado wanarudi kujipanga. Au anapokea pasi akiwa amekwisha kugeuza miguu, anatupa kabla beki hajainua mkono. Mwishoni mwa msimu ule Bulls waliwatoa Miami Heat, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa mechi nne kwa sifuri, naye alipewa tuzo ya uanamichezo ya ligi.

Mwaka 2010 alikuja kocha Tom Thibodeau, mtu aliyejenga timu zake juu ya ulinzi, na hapo thamani ya Deng ikaonekana kwa kipimo kingine, cha dakika. Mechi ya NBA ina dakika 48. Katika msimu wa 2011/12 Deng alicheza wastani wa dakika 39.4 kwa mechi, akaongoza ligi nzima, na msimu uliofuata akaongoza tena. Kocha hamwachi mtu uwanjani muda wote huo kwa sababu ya pointi pekee. Anamwacha kwa kuwa akimtoa, kuna kitu kinavunjika. Bulls walishinda mechi 62 katika msimu wa 2010/11, nyingi kuliko timu yoyote mwaka ule, na ingawa nyota wao alikuwa Derrick Rose, nguzo ya ulinzi wa pembeni ilikuwa Deng. Aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi mwaka 2012 na 2013. Siku hizo mechi za Chicago zilianza huku kwetu saa kumi alfajiri, nami niliamka kabla ya adhana, nikatazama robo mbili kwenye simu kwa sauti ya chini, kisha nikajiandaa kwenda kazini.

Dakika zile zote zilikuwa na gharama, na sipendi kuwasimulia watoto sehemu tamu peke yake. Mwanzoni mwa 2012 alichanika kano ya kifundo cha mkono wa kushoto. Aliahirisha upasuaji ili aichezee Uingereza kwenye Olimpiki, kwa kuwa ilikuwa inafanyika London, mji uliompokea akiwa mkimbizi. Timu ile ilishinda mechi moja tu kati ya tano, dhidi ya China, lakini sijawahi kuona kosa katika uamuzi wake. Mwaka uliofuata, wakati wa mechi za mtoano, alishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, na kipimo cha kuchomwa sindano mgongoni kikamletea madhara yaliyomlaza kitandani. Wapo waliouliza kwa nini hachezi. Mtu aliyekuwa ameongoza ligi kwa wastani wa dakika alistahili maneno bora kuliko hayo.

Januari 2014 alihamishiwa Cleveland, kisha akachezea Miami kwa misimu miwili. Mapema mwaka 2016, Chris Bosh alipozuiwa na maradhi kuendelea kucheza, Deng alisogezwa kutoka namba tatu hadi namba nne, iliyo karibu zaidi na kikapu, ambako alilazimika kukabana na watu wenye miili mikubwa kuliko yeye, na akaimudu kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 30. Hapo tena msingi wa utotoni ulimlipa. Lakers walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72, mwili ukaanza kukataa, na msimu wa 2017/18 alicheza mechi moja tu. Alimalizia Minnesota, na mwaka 2019 akarudi Chicago kutia saini ili astaafu akiwa mchezaji wa Bulls. Alikuwa amecheza misimu 15.

Baada ya hapo alishika urais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 na ambayo sasa ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliwakusanya wachezaji waliotawanyika duniani kama alivyotawanyika yeye, na katika mechi za kufuzu AfroBasket ya 2021, mashindano ya mataifa ya Afrika, alikaa benchi mwenyewe kama kocha. Kwenye mashindano yenyewe, mjini Kigali, timu ilifika robo fainali ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 2023 ikacheza Kombe la Dunia na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Tarehe 20 Julai 2024, katika mechi ya kujipima nguvu, Marekani yenye LeBron James iliponea chupuchupu kwa 101 kwa 100, na mechi ile ilichezwa London. Siku chache baadaye, kwenye Olimpiki yenyewe, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Niliitazama mechi ya London pamoja na vijana wangu 11, tukiwa tumebanana sebuleni kwetu, feni ikizunguka na madirisha yote yakiwa wazi. Niliwaomba wasiufuate mpira kwa macho, kila mmoja achague mchezaji mrefu wa Sudan Kusini na amtazame yeye tu kwa robo nzima. Robo ilipokwisha, binti mmoja wa kidato cha pili anayekuja mazoezini kutoka Pongwe, ambaye ndiye mrefu kuliko wasichana wote nilionao, aliniambia: "Mwalimu, wa kwangu hajasimama hata mara moja."

Huyo binti sasa anapandisha mpira kutoka nyuma hadi mbele katika kila zoezi. Mwanzoni alinyang'anywa karibu kila mara, na wenzake walilalamika kwamba anawapotezea muda. Niliwaambia wavumilie. Mwezi uliopita alivuka nusu ya uwanja akiwa amebanwa na wasichana wawili, akampasia mwenzake aliyekuwa kona, kisha badala ya kusimama akakimbia nyuma ya mgongo wa mlinzi na kurudishiwa mpira chini ya kikapu. Alikosa kufunga, lakini mbio zile zilikuwa sahihi kabisa, nami nilisimamisha mazoezi ili kila mtu azirudie.

Kijana wa Mabawa naye ameanza. Mikono yake ni mizuri, anadaka bila kuogopa, ila akishika mpira anaganda na kutafuta wa kumpa. Jumatatu saa kumi na nusu, jua likipoa, nitampa mpira wake peke yake na kumwambia auzungushe uwanja mzima kwa mkono wa kushoto. Mama yake akija kuchungulia, nitampa kiti akae karibu nami.