Glaida yangu ilikuwa nyepesi mno

Kwa miezi minne nilikuwa na kazi ya kupunguza gramu. Nilichonga mkia upya, nikatoboa matundu ubavuni, nikang'oa skrubu za chuma nikaweka vijiti vya mwanzi na gundi. Kila Jumapili nilipanda kilima nikairusha, na kila Jumapili upepo uliibeba, ukaipitisha juu ya kichwa changu na kuitupa upande wa pili. Nikirudi nyumbani najiambia bado ni nzito. Nilikuwa nimelishika jambo kinyume kabisa.

Naishi Sakina, Arusha, na kazi yangu ni ufundi wa redio na simu. Glaida ni ndege isiyo na injini. Ukiirusha sehemu tambarare itateleza mita kadhaa itue, basi. Lakini upepo ukigonga mteremko hauna njia nyingine ila kupanda, na ndege ikikaa mbele ya mteremko huo, ndani ya ile hewa inayopanda, inaweza kuelea muda wote ambao upepo unavuma. Wewe umesimama kwenye ukingo na rimoti mkononi, unaipeleka kushoto, unaigeuza, unaipeleka kulia. Hakuna kelele, hakuna moshi, unasikia tu mabawa yakikata hewa. Mimi nilipoona video ya kwanza ya mchezo huu sikulala vizuri usiku ule.

Video nyingi zilikuwa za pwani. Kule Torrey Pines, California, watu wamekuwa wakirusha glaida tangu miaka ya 1930 kwenye miamba inayotazama bahari, kubwa za kubeba watu na, baadaye, ndogo za rimoti. Pwani ina faida ambayo huwezi kuinunua: upepo umetoka mbali juu ya maji, haukukutana na mti wala paa la nyumba, kwa hiyo ukifika kwenye mwamba unapanda umetulia kama maji ya mfereji. Sisi bahari iko zaidi ya kilomita 300. Upepo unaotufikia umeshapita juu ya mashamba, migunga na vilima, na Mlima Meru wenyewe, mita 4,566, umekaa njiani unaugawa. Kuanzia Agosti ukiongeza jua na vumbi, unapata chamchela zinazozuka kwenye tambarare bila kubisha hodi.

Nilijiwekea lengo moja. Tarehe 24 Oktoba 1911, Orville Wright alikaa angani dakika 9 na sekunde 45 kwa glaida, kwenye vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills, pwani ya North Carolina, Marekani. Alikuwa amekaa kwenye chombo chenyewe, upepo mkali, na muda ule haukupitwa kwa karibu miaka 10. Nikasema mimi nimesimama chini, nina redio ya gigahezi 2.4 na betri, basi angalau nifikishe dakika hizo.

Mabawa niliyakata kwenye yale mapovu meupe magumu yanayokuja na friji kwenye boksi. Nilichukua waya wa koili ya jiko la umeme, nikaunyoosha, nikaufunga kwenye upinde wa mbao na kuupa moto kwa betri ya gari. Unaweka vipande viwili vya plaiwudi vyenye umbo la bawa huku na huku, waya unapita kati yake kama kisu kwenye siagi. Ndani nikapitisha ufito wa mwanzi, juu nikafunga selotepu pana ya kahawia. Urefu wa mabawa ncha hadi ncha sentimita 150, upana sentimita 20. Sevo, yaani vimota vidogo vya kuongozea, mbili tu: moja ya kupandisha na kushusha pua, nyingine ya usukani wa mkia. Kila kitu kikiwa ndani, gramu 520. Nilijivunia sana hiyo 520.

Kupata mahali ilikuwa kazi yake peke yake. Uwanja wa ndege wa Arusha uko Kisongo, na ndege ndogo za kwenda Serengeti zinapita chini, kwa hiyo upande ule wote niliuacha. Monduli kuna Chuo cha Kijeshi, nako nikakaa mbali. Niliuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kurusha chochote, na yeyote anayetaka kuanza naomba aanzie hapo, maana chombo kisicho na rubani ndani kina sheria zake hata kama ni povu na selotepu. Mwishowe nikapata kilima cha nyasi mbele ya Meserani, kinachotazama mashariki, ng'ombe wamekilisha mpaka nyasi zimekuwa fupi. Kuna mzee wa Kimaasai mwenye boma chini yake. Nilimwamkia, nikamwonyesha ndege, nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: itaruka ng'ombe wakiwa wapi? Nikasema ng'ombe wakiwa mbali. Akasema sawa.

Jumapili ya kwanza sikuitimiza ahadi hiyo. Nilirusha saa saba mchana, ndege ikapinda kulia, ikashuka chini ya mteremko ambako ndama walikuwa wamelala, wakatimka hadi korongoni. Vijana wawili walikimbia karibu nusu saa kuwarudisha. Nilimfuata mzee nikamwomba radhi, naye akanyamaza kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe hajui kwamba huyo si tai." Tangu siku hiyo nilikuwa nafika, nawatafuta ng'ombe kwanza, ndipo nafungua begi.

Makosa ya mwanzo yalikuwa yale ya kila anayeanza, nitayasema haraka. Nilikuwa nageuza ndege kuelekea kilimani badala ya kuigeuza kwenda nje, kwenye upepo. Usifanye hivyo hata mara moja. Nilikuwa nasimama nyuma ya ukingo, mahali ambapo upepo ukishavuka kilele unajikunja na kuporomoka, na ndege ikiingia humo inapigwa chini kama imesukumwa na mkono. Na nilikuwa nadanganywa na macho: ndege ikienda na upepo unaiona inakimbia mno, unavuta pua juu ili upunguze, kumbe kwenye hewa yenyewe haina mwendo wa kutosha, inakata na kudondoka. Mwewe walinisaidia hapo. Pale kilimani wapo wawili au watatu kila alasiri, na hawageuzi kamwe kwa kukipa kilima uso. Wanapinda kwenda nje, wanarudi, wanapinda tena kwenda nje. Nilikaa saa nzima nikiwatazama bila hata kuwasha rimoti.

Makosa hayo yalipoisha nikafikisha sekunde 40, mara moja dakika moja na nusu. Zaidi ya hapo ikakataa. Ndege inapanda vizuri, inatulia, halafu taratibu inaanza kurudi nyuma. Pua inatazama mashariki, mwili unakwenda magharibi. Naona inakuja juu yangu, inanipita, inaingia kwenye ile hewa mbovu ya nyuma, na kishindo nakisikia kabla sijageuka.

Kilichonifumbua macho ni ajali. Mwanzoni mwa Agosti pua ilivunjika yote, na ile betri ndogo ya lithiamu ikachubuka. Betri ya lithiamu iliyochubuka huirudishi kwenye ndege, inaweza kuwaka. Dukani kwangu nilikuwa na betri nne za kuchaji za saizi ya kawaida ya rimoti ya redio, kila moja gramu 27 hivi, zikifungwa pamoja zinatoa volti 4.8, na risiva yangu, kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege, inazikubali. Nikazisukumia puani, nikajenga pua upya kwa gundi nyingi na kipande cha plaiwudi. Nikaipima: gramu 640. Niliumia. Kazi ya miezi minne ilikuwa imerudi yote na zaidi. Nilikwenda kilimani kwa sababu tu nilishamwahidi mdogo wangu nitampeleka.

Ikaruka dakika tatu.

Usiku ule sikuamini, nikarudi kwenye daftari. Tangu Mei nilikuwa nimeandika kipimo nilichochukua asubuhi tulivu kwenye uwanja wa shule: ndege inateleza mita 30 kwa sekunde 4. Hiyo ni kilomita 27 kwa saa. Na kurasa tatu mbele nimeandika upepo wa pale kilimani saa nane mchana, kwa kile kipima upepo kidogo cha mkononi: 28, 26, 30, 28. Namba mbili hizo zilikaa kwenye daftari moja miezi mitatu na sikuziweka kando kwa kando. Ndege ya mwendo wa 27 kwenye upepo wa 28 inarudi nyuma hata ukiiongoza kwa ustadi gani. Ukisukuma pua chini itakimbia zaidi, ndiyo, lakini inashuka, na hewa ya pale haipandi vya kutosha kulipia.

Uzito ndio unaoipa glaida mwendo. Kasi yake hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito: ukitoka gramu 520 hadi 640, kasi inaongezeka kama asilimia 11, na pembe ya kuteleza inabaki ileile. Inashuka haraka kidogo zaidi, lakini kwenye mteremko wenye upepo wa nguvu hewa inayopanda inatosha kulipia tofauti hiyo ndogo. Kisha kuna mwinuko wetu. Pale kilimani ni karibu mita 1,400, na hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya usawa wa bahari. Ndege ileile huku inahitaji kwenda kasi zaidi, kama asilimia 7, ili ibebwe sawasawa.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Betri zile zilikaa puani, kwa hiyo pamoja na uzito nilikuwa nimesogeza pia mahali ndege inapojipima. Zamani ukiinyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa ilikaa sawa kwenye sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele, na hiyo ni nyuma mno kwa bawa la sentimita 20. Sasa ilikaa kwenye 6 na nusu. Ni lipi lililonisaidia? Fundi asiyetenganisha vitu viwili anabahatisha tu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na ndege ya pili, pacha wake, gramu 530, nimeipanga pua hadi inapimika kwenye 6 na nusu. Ilitulia mno, haikuwa na yale makeke ya zamani, mkono wangu ukapumzika. Na bado ikarudi nyuma. Nikapata jibu: kupanga pua kulinipa utulivu, uzito ulinipa mwendo, na nilihitaji vyote viwili.

Nikaenda kwa fundi wa matairi jirani na duka langu, nikamwomba vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu wakibalansi gurudumu. Vya zamani anavibandua na kuvitupia kwenye kopo. Vimeandikwa uzito juu yake, 5, 10, 20. Nikachagua vya 10, nikavipiga nyundo taratibu viwe bapa, nikavipanga ndani ya mrija chini ya mabawa, sawasawa na ile alama ya 6 na nusu, nusu yake mbele, nusu nyuma. Hapo uzito unaongezeka na mizani haisogei. Mrija una kizibo, kwa hiyo upepo ukiwa mdogo natoa vipande, ukikaza naongeza. Baada ya siku tatu za kujaribu nikatulia kwenye vipande 26. Ndege nzima gramu 900. Kwa hesabu ileile inapata karibu theluthi ya mwendo zaidi ya ile ya gramu 520, yaani kilomita 35 hivi kwa saa.

Jumapili ya pili ya Septemba, saa nane na nusu, kipima upepo kilisoma 29. Ng'ombe walikuwa upande wa korongo. Mdogo wangu alishika saa, na mmoja wa layoni, wale wavulana wa Kimaasai, wa pale bomani akakaa karibu naye. Niliisukuma kwa nguvu, pua chini kidogo, maana ndege nzito ukiirusha kwa uoga inaanguka mbele ya miguu yako. Ikazama mita mbili, moyo wangu nao, halafu ikashika. Ikatoka nje hadi juu ya migunga, mbele kabisa, mahali ambapo kwa miezi yote haikuwahi kufika. Nikaigeuza kwenda nje, ikarudi sambamba na ukingo. Sauti yake ilikuwa imebadilika, si kupapatika tena bali mluzi mwembamba unaopanda na kushuka.

Kwenye dakika ya sita chamchela ilizuka chini kwenye tambarare na upepo ukafa ghafla. Ikaanza kuzama. Kwa uzito ule nilijua sina muda mrefu, nikaibana karibu na mteremko ambako kulikuwa kumebaki kipumzi kidogo, nikasubiri. Sekunde kumi na tano, labda ishirini. Upepo ukarudi usoni kwangu kwanza, kisha nikauona kwenye nyasi, kisha ndege ikanyanyuka.

"Kaka, tisa na hamsini," mdogo wangu akasema. Sikumjibu, vidole vilikuwa vinatetemeka.

Niliitua kwenye dakika ya kumi na nne kwa sababu ng'ombe walikuwa wameanza kurudi. Kutua na gramu 900 kunataka nafasi, inateleza mbali, ikapitiliza na kusimama kwenye nyasi hatua arobaini kutoka kwetu. Yule layoni alitangulia kuifuata. Akaiokota, akashtuka, akaipima kwa mikono miwili.

"Mbona nzito hivi?"

Nikafungua kizibo nikammiminia vipande vya risasi kiganjani, akakaa chini akaanza kuvihesabu.