Nilivyorudisha picha za kamera yangu ya kwanza

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Yashica ya filamu, ile ya kuvuta filamu na kidole gumba, na karibu picha zote nilizopiga nayo ni za Ziwa Nakuru maana tulikuwa tunaishi Kaptembwo, mtaa wa hapo Nakuru. Zile za karatasi zimefifia, zingine zimegandana na plastiki ya albamu huwezi kuzibandua, lakini mama aliweka negativu zote (vile vipande vya filamu vyenye rangi zimegeuzwa) kwa bahasha za studio na hapo ndio nilipata pa kuanzia.

Skana sina. Nilifungua ukurasa mweupe kwa tableti, mwanga juu mpaka mwisho, taa za nyumba nikazima, nikainua kioo cha fremu na vitabu pande zote mbili, negativu juu ya kioo, halafu nikapiga na simu. Hicho kioo ni muhimu sana, ukilaza negativu moja kwa moja kwa skrini vile vidoti vya skrini vitatokea kwa picha. Vumbi toa na brashi laini na ushike negativu kandokando tu. Ukimaliza, programu ya kuhariri inageuza rangi, na vile filamu ya rangi ina ile machungwa yake, picha inatoka bluubluu hivi, unaivuta kuelekea njano polepole mpaka ngozi za watu zikae kama ngozi.

Sasa kuna moja ya kutoka Baboon Cliff, ule mwamba wa kutazamia Ziwa Nakuru, ufuo wote pinki, flamingo mpaka huoni maji ya pembeni, na migunga imesimama nchi kavu. Mpwa wangu akaniuliza, "Anti, hii si Ziwa Bogoria?" Na sikumlaumu, yeye amekua ziwa likiwa limefurika, maji yalianza kupanda kwa nguvu miaka ya 2010 yakafunika geti ya zamani ya mbuga, migunga ikafia majini, chumvi ikapungua na ule mwani wanaokula flamingo nao ukapungua, wengi wao wakahamia huko Bogoria.

Kwa hivyo nikampeleka. Tulipanda na picha kwa simu, tukatafuta pembe ileile kwa kufuata mgongo wa Lion Hill ng'ambo, nikamwachia yeye apige. Nimeziweka mbili pamoja nikamtumia mama, na amenipigia akitaka zichapishwe kubwa. Bahasha zilizobaki ni za Menengai, naendelea nazo jioni nikitoka kazi.