Nilivyochagua blenda ya pili, Kisumu

Blenda yangu ya kwanza ilidumu miezi minne. Nilikuwa nimeinunua kwa sababu ya bei yake ndogo na rangi yake nzuri, na sikutazama kitu kingine. Siku ilipokufa nilikuwa nikisaga njugu karanga zilizokaangwa, kavu kabisa, ndani ya jagi lile lile tulilotumia kwa juisi ya maembe. Ikanguruma, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, kisha ikanyamaza. Kwa majuma mawili nilimlaumu aliyeniuzia, mpaka nilipoibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye.

Fundi aliifungua mbele yangu. Alinionyesha kipande kidogo chenye meno, kinachokaa juu ya mota na kuishika sehemu ya chini ya visu, ambacho meno yake yalikuwa yamelika hadi yakawa laini. Kisha akanionyesha waya wa shaba ndani ya mota, uliokuwa umegeuka mweusi. "Mama, hiki kipande ningekubadilishia leo," akasema, "lakini mota imeungua. Ulikuwa unasaga nini?"

Nilipomweleza, alinifafanulia jambo ambalo ningetamani kila anayenunua blenda alijue kabla ya kutoa pesa. Visu vya jagi kubwa vimekunjwa, vingine juu na vingine chini, ili vivute kitu chenye maji kuelekea katikati. Njugu zikianza kutoa mafuta hugeuka uji mzito unaovishika visu, na mota inayozuiwa kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko kawaida na kupata joto kali. Feni inayoipoza iko kwenye mhimili wa mota hiyo hiyo, kwa hiyo mota inapolemewa na kwenda polepole, upepo nao hupungua wakati ule unaohitajika zaidi.

Sikukimbilia dukani. Kwa juma zima niliandika katika daftari kila kitu ambacho ningekisaga kama ningekuwa na mashine. Mama yangu, ambaye amepoteza meno mengi, alihitaji supu laini ya maboga au ndengu kila siku. Mtoto, aliyekuwa ametimiza miezi minane, alikula ndizi, parachichi na viazi vilivyopondwa. Nyanya na vitunguu vya mchuzi vilikuwa vya jioni. Omena wakavu na njugu za kutia kwenye mboga zilijitokeza mara mbili tu katika juma lote, na barafu haikujitokeza hata mara moja. Daftari hilo lilinionyesha kwamba mashine kubwa ya kuvunja barafu, ambayo jirani yangu aliisifia sana, ingekula pesa zangu kwa kazi ambayo nyumba yetu haina.

Zamu yangu ya chama ilipofika nilitenga Sh 6,000. Binamu yangu anayeishi Marekani alijitolea kuniletea blenda yake asiyoitumia, nami nilikuwa karibu kukubali, mpaka nilipomwomba anisomee maandishi yaliyo chini yake: volti 120. Umeme wetu ni volti 240, na kifaa kama hicho kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa huungua. Kingehitaji transfoma ya kukipunguzia umeme, ambayo ni gharama nyingine na mzigo mwingine mezani. Nilimshukuru nikakataa.

Katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga nilikuwa na desturi moja: kuipindua blenda na kusoma kibandiko cha chini. Boksi moja lilitangaza kwa herufi kubwa nguvu ya wati 1,500, ilhali kibandiko cha mashine yenyewe kilisema wati 500. Tangu hapo niliamini kibandiko peke yake. Kwa supu, matunda na nyanya, wati 500 zilinitosha, na hazikunitisha kwa upande wa tokeni pia: dakika sita kwa siku ni kama yuniti moja na nusu kwa mwezi.

Uamuzi uliokuwa mgumu ni wa jagi. Mimi mwenyewe napenda la kioo, kwa kuwa halishiki harufu ya kitunguu saumu wala halichubuki. Lakini mchana ninapokuwa kazini, mama ndiye anayesaga supu yake, na mikono yake haina nguvu. Nilimpeleka dukani, nikamwomba ainue jagi la kioo lililotiwa maji nusu. Alilishika kwa mikono miwili, akalirudisha taratibu, akasema, "Mwanangu, hili litaniangukia." Sakafu yetu ni ya saruji. Tulichukua la plastiki nene lenye mpini mpana, pamoja na kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu chenye visu vyake bapa.

Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji swali ambalo maduka mawili yaliyotangulia yalishindwa kulijibu: nikihitaji mpira wa kuzuia maji au kile kipande chenye meno, nitavipata wapi? Yeye alivitoa kwenye droo. Blenda iligharimu Sh 5,200, na vipuri hivyo viwili Sh 350. Nilidai risiti yenye muhuri na kadi ya waranti iliyojazwa tarehe, kisha tukaijaribu pale pale kwa maji, nikapapasa chini ya jagi kuona kama linavuja.

Nyumbani tuliweka taratibu chache. Maji hutangulia, vitu vigumu hukatwa vidogo, na baada ya dakika moja mashine hupumzishwa, kama kijitabu chake kinavyoagiza. Supu husubiri mpaka ipoe kidogo na jagi halijazwi kupita nusu, kwa sababu mvuke uliofungiwa ndani unaweza kurusha kifuniko na kumchoma mtu. Hilo nililirudia kwa mama mara nyingi, naye sasa huliwahi kabla sijafungua mdomo.

Mwaka wa pili ulipoanza, kile kipande chenye meno kililika. Sikwenda kwa fundi. Nilichomoa waya, nikakishika kwa koleo na kukifungua kwa kukizungusha kuelekea kulia, maana nyuzi zake zimekatwa kinyume na za skrubu za kawaida, nikafunga kile kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye boksi. Mama alikuwa amesimama kando na bakuli lake la maboga, akisubiri.