Macho yanayochoma na kutoa tongotongo: tulivyoyamudu nyumbani kwetu

Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu, sisi wa Mbagala tulishaanza kuyaona. Asubuhi na mapema, jua halijachomoza, unakuta abiria kwenye daladala wamevaa miwani nyeusi. Mume wangu ni kondakta. Anashika noti na sarafu za watu kuanzia alfajiri mpaka usiku, kwa hiyo sikushangaa alipotangulia yeye.

Lilianza jicho moja. Linachoma, anahisi mchanga ndani, machozi hayakatiki. Kesho yake likafuata la pili. Akiamka kope zimegandana kabisa, lakini zikishasafishwa, kutwa nzima kinachotoka ni maji na uteute kidogo pembeni. Tabibu wa zahanati alimbonyeza mbele ya sikio, akakuta kijitezi kimevimba. Akasema maji mengi pamoja na tezi hilo ni dalili za virusi. "Baba, hakuna matone ya kuviua hivi. Vitaondoka vyenyewe, wiki moja mpaka mbili, na siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Kazi yenu ni kuhakikisha havihami kwenda kwa wengine."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana tunaishi watu wengi kwenye vyumba viwili. Nilimtengea taulo, foronya na beseni lake. Foronya nilibadilisha kila siku, nikizifua kwa maji ya moto na kuzianika juani. Mlangoni niliweka ndoo yenye koki na sabuni. Vitakasa mikono vya spiriti sikuvitegemea: virusi vya kundi la adeno, ambavyo ndivyo husababisha macho mekundu mara nyingi, haviuawi kirahisi na spiriti, na vinaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa wiki kadhaa. Simu yake, kitasa cha mlango, rimoti, vyote vilifutwa.

Kuhusu usafi wa jicho lenyewe nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wakiumizana. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Unalowanisha pamba, unaiweka juu ya jicho likiwa limefumbwa, unasubiri mpaka yale magamba yalainike. Kisha unafuta mara moja tu, kutoka upande wa pua kwenda nje, na pamba ile unaitupa. Jicho la pili lina pamba yake. Tongotongo iliyokauka usiibandue kwa ukucha, utang'oa kope na kuchubua ngozi. Moto ukizidi, kitambaa safi cha maji baridi kinatuliza kuliko kitu kingine chochote tulichojaribu. Unanawa kabla na baada ya kumshika.

Pamoja na hayo yote mtoto wetu wa kiume naye akaugua, ila tongotongo yake haikufanana na ya baba yake. Ilitoka nzito, ya njano inayokaribia kijani. Unafuta, unageuka, imejaa tena. Tukarudi zahanati. Safari hii ilionekana ni bakteria, akaandikiwa dawa ya macho ya mafuta, tetrasaiklini ya asilimia 1. Unavuta kope ya chini kwa kidole, unakamua mstari mfupi ndani yake bila ncha ya tyubu kugusa jicho, anafumba. Anaona ukungu kwa muda, ndiyo maana nilipenda kumpaka anapokwenda kulala. Haraka sana usaha ukapungua, lakini tulimaliza siku zote alizoandikiwa.

Jirani yangu, kwa upendo tu, aliniletea kichupa cha matone kilichomsaidia yeye. Nilisoma lebo nikakuta deksamethasoni. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Wekundu unaondoka upesi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo: kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, au virusi vya hepesi, dawa hiyo inavipa nafasi ya kusambaa huku wewe ukidhani unapona. Steroidi za macho ni za kutumia mtaalamu akishalichunguza jicho. Nilimshukuru dada yangu yule nikamrudishia. Chai ya rangi, mkojo, maziwa ya mama, vyote nilishauriwa na vyote nilivikataa.

Katikati ya heka heka hizo wifi akaja na kichanga chake, jicho moja linatoa usaha. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwezi mmoja hakuna kusubiri hata usiku upite. Kisonono au klamidia inayopatikana wakati wa kuzaliwa inaweza kuharibu jicho, na ile ya kisonono huweza kulitoboa ndani ya siku chache. Tuliondoka saa ile ile kwenda kituo cha afya. Wakampima, na kumbe ni mfereji wa machozi uliochelewa kufunguka. Nesi alimshika wifi kidole cha shahada, akakiweka kwenye kona ya jicho la mtoto karibu na pua, akamwonyesha kubonyeza taratibu na kushuka. "Mara kadhaa kwa siku, mama. Wengi hufunguka kabla ya mwaka."

Mume wangu ndiye alinitia wasiwasi mwishoni. Macho yalikuwa yanakauka, mara akaanza kusema mwanga unamuumiza na anaona ukungu. Maumivu makali, kushindwa kuvumilia mwanga na kupungua kuona si mambo ya kuuguzia nyumbani, tukaenda kliniki ya macho. Walimwangalia kwa darubini, wakakuta madoa madogo kwenye kioo cha jicho. Virusi hivi huweza kuyaacha vinapoondoka, na kwa kawaida hufutika, ila huchukua wiki nyingi, hata miezi. Wakampangia tarehe za kurudi kuangaliwa. Macho yalipoacha kabisa kutoa machozi alirudi barabarani, lakini zamu za usiku alimwachia deiwaka mpaka alipoweza tena kusoma vibao vya magari akiwa mbali.