git pull imegoma tena
Jana jioni nipo zangu kibarazani Nyegezi, upepo wa ziwa unapiga, simu haipumziki, wanafunzi wote wanalia kitu kimoja, mwalimu git pull inagoma (ndo amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ya kuvuta mabadiliko mapya). Kisa nilirekebisha swali la 3 nikapush, yaani nikalituma kwenye hifadhi yetu ya pamoja, kumbe wao walishaanza kujibu humohumo kwenye faili langu. Binti mmoja katikati ya jibu lake kakuta <<<<<<< HEAD, chini =======, alama Git inazoweka pale mabadiliko mawili yanapogongana, akadhani virusi, akafuta kila kitu. Roho iliniuma jamani, kazi ya siku mbili ile! Bahati nzuri alishakomiti (kuhifadhi toleo la kazi yake ndani ya Git) kabla ya kupull, nikampigia nikamwambia andika git merge --abort, yaani ghairi kuunganisha, jibu lake likarudi lote, akapiga kigelegele.

Notibuku za Jupyter, faili za kuandika na kurun kodi kwa vipande viitwavyo seli, ndo balaa zaidi, maana ndani ni JSON (maandishi ya data yenye mpangilio maalum), ukirun seli tu bila kuandika hata herufi moja, namba ya seli na matokeo vinaingia humo na faili linahesabika limebadilika. Asiyejibu kitu naye anakwama.

Kwa hiyo kuanzia sasa faili langu halijibiwi, kopi kwanza ulipe jina lingine, ujibu huko, mi nikisahihisha unapull bila shida.