Nilivyotumia video kufundisha kina mama kuhifadhi mahindi

Mimi ni bibi shamba wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye mazao, iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo somo hili silichoki. Lakini mikutano ya kijiji hujaa wanaume, ilhali anayeanika, anayepukuchua na anayepepeta mahindi ni mama, na saa ya mkutano yuko kisimani.

Nikaamua kulipeleka somo kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambako kina mama hukutana kila wiki kuweka hisa. Video nzuri za Kiswahili zipo, ila nilitaka wamwone mtu wanayemjua. Nilimrekodi kwa simu mama mmoja wa kijijini ambaye ghala lake halishambuliwi na dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, akieleza mwenyewe kwa Kigogo. Tulirekodi nyuma ya ukuta, maana upepo wa huku humeza sauti yote. Anaanika juu ya turubai, si ardhini ambako ukungu huyapata mahindi kirahisi. Anachambua punje zilizooza na kuvunjika. Halafu anapima ukavu kwa chupa na chumvi. Video yote dakika 7.

Tulionyesha kwa projekta ndogo ya betri katika darasa la shule, madirisha tumeyaziba kwa khanga. Nilijifunza kusimamisha video kila baada ya tendo moja na kunyamaza. Wao ndio waliosema. "Bibi shamba, hebu rudisha pale pa chupa," na nikarudisha mpaka waridhike.

Kila mmoja alikuwa amekuja na mahindi kidogo kutoka nyumbani, basi tukapima palepale. Unatia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu, unatikisa vizuri, unaacha yatulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Mama aliyeapa kwamba yake yamekauka kabisa aliiona chumvi imeganda. Akaizungusha chupa mkononi, akauliza, "Kumbe haya ndiyo ninayowapikia watoto?" Maelezo yangu ya miaka yote hayakuwahi kuzaa swali hilo. Nikamjibu kwamba ubichi peke yake si sumu, ila hukaribisha ukungu, na sumukuvu ikishaingia kuipika hakuiondoi.

Mfuko wa PICS wa kuhifadhia mahindi ulileta ubishi mwingine. Mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, kila mmoja unafungwa peke yake, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Wote waliutaka, lakini fedha ya nyumbani ameishika mzee. Wakaniomba nirudie jioni, waume zao wawepo. Nilirudia. Mwisho kikundi kikakubali kununua mifuko kwa pamoja kwa fedha za mfuko wa jamii wa kikundi, kila mmoja alipe akivuna. Video yenyewe walirushiana kwa Bluetooth, maana bando ni ghali.

Sasa wamedai ya karanga. Wengi huzilowanisha kabla ya kubangua ili ganda lilainike, na unyevu huo ndio unaoleta sumukuvu. Ukibangua kavu vidole vinachubuka, nami siwezi kumwambia mama aache kulowanisha bila kumpa njia nyingine. Kwa hiyo tunatafuta kwanza mashine ya mkono ya kubangulia, tuijaribu kikundini. Ikifanya kazi vizuri, ndipo nitarekodi.