Ngazi za Kushuka Meru

Kila ninaposema nimewahi kupanda Mlima Meru, watu hutaka habari za kileleni: mita 4,562, baridi, jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Nilifika na niliyaona hayo. Lakini mimi kinachonijia kwanza ni ngazi.

Kutoka Saddle hadi Miriakamba, vituo viwili vya kulala wapandaji, unashuka zaidi ya mita 1,000, na kipande kikubwa cha njia ni ngazi za magogo. Nasi tulizishuka siku ileile ya kilele, tukiwa tumeamka saa 7 usiku. Magoti yangu yalishaanza kutetemeka. Tulikuwa tumepita mahali paitwapo Mgongo wa Tembo nilipokanyaga ukingo wa gogo lililolowa ukungu, mguu wa kushoto ukapindukia ndani, nikasikia kitu kikialika kwenye kifundo. Nilikaa palepale, jasho jembamba likinitoka.

Askari wa hifadhi, anayetangulia na bunduki kwa ajili ya nyati, alirudi akachuchumaa mbele yangu. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kamba za kiatu.

"Usivue, dada. Ukivua hapa hakiingii tena."

Akazikaza yeye mwenyewe, taratibu, tundu kwa tundu. Mmoja wa wapagazi, kijana mwenye mzigo kichwani, akanipa fimbo yake bila kuombwa, akaendelea kushuka mikono mitupu. Akanifundisha pia: kushuka, tanguliza mguu mbovu pamoja na fimbo, kupanda, tanguliza mzima. Nilihesabu ngazi hadi nikachoka kuhesabu. Hakuna aliyenihimiza.

Miriakamba ndipo nilipovua kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba kama chungwa, na mistari ya soksi imejichora kwenye ngozi, ukiigusa kwa kidole unaisikia. Maji ya kule juu ni baridi kama ya friji. Nikajaza chupa, nikaifunga na kanga juu ya uvimbe, dakika 15 hivi, napumzika, narudia. Usiku mguu ulilala juu ya begi. Kesho yake nilijikongoja hadi lango la Momella, na fimbo nikairudisha kwa mwenyewe.

Mjini nilipitia zahanati. Muuguzi alibonyeza mfupa pande zote mbili za kifundo, nyuma na chini, akanitaka nitembee hatua nne. Mfupa haukuuma na hatua nilizipiga, kwa hiyo akasema yaelekea ni kano zilizovutika, si kuvunjika. Bandeji, mguu juu, maji baridi. Nisichuliwe wala kukandwa kwa moto siku za mwanzo, maana uvimbe ungezidi.

Nyumbani nikamkuta bibi yangu ameshachemsha maji ya chumvi. Sufuria inafuka, taulo liko begani. Yeye ndiye aliyetukanda sote tangu utotoni, na mikono yake naiamini kuliko dawa nyingi. Kumwambia hapana kuliniuma kuliko kifundo.

"Bibi, naomba tungoje siku tatu. Muuguzi amesema moto utavimbisha."

Alinyamaza. Kisha akaenda kumwaga maji, akarudi na beseni la maji ya mtungini na kitambaa. Usiku ule kila nilipozinduka nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anakamua kitambaa, anakibadilisha. Nilimsihi akalale, akakataa.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umepungua na rangi imegeuka kutoka zambarau kuwa ya kijani na manjano. Ndipo alipochemsha tena. Alinikanda polepole, kutoka kwenye vidole kupandisha juu, akisimama kila nilipokunja uso. Baadaye nilianza mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, nimeshika meza, naye akinihesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Wiki ya tatu nilipanda daladala kwenda kazini. Kushuka, kwa mazoea, nilitanguliza ule wa kushoto. Ulinibeba.